Maswali ya Wasomaji: Treni za Chungwa za Chuo, Tokyo hadi Takao

Barua za safari hii karibu zote zinahusu reli moja: njia ya Chuo ya treni za haraka, zenye mkanda wa rangi ya chungwa, inayoanzia stesheni ya Tokyo na kukata jiji kuelekea magharibi hadi Takao, kwenye miguu ya milima. Ina urefu wa kilomita 53.1 na stesheni 24, na inaendeshwa na shirika la JR East. Kila stesheni ina namba, kuanzia JC01 (Tokyo) hadi JC24 (Takao). Ikariri namba ya stesheni unayoshukia hata kabla hujajifunza kutamka jina lake, kwa kuwa namba hiyo utaikuta kwenye vibao vyote vya jukwaani.

Ndugu Mhariri, nimehamia Koenji kwa masomo. Siku za kazi napanda treni ya chungwa hapo Shinjuku na kushuka kituo cha pili. Jumamosi nilipanda ileile, jukwaa lilelile, ikapita Koenji bila kusimama nikajikuta Ogikubo. Nilikosea wapi?
*Mwanafunzi, Koenji*

Treni uliipata, ila ratiba ya Jumamosi si ya siku za kazi. Treni ya kawaida ya chungwa huitwa kaisoku (kwenye ubao 快速), na siku za kazi husimama kila stesheni kuanzia Nakano hadi Takao. Jumamosi, Jumapili na sikukuu za taifa huruka tatu: Koenji, Asagaya na Nishi-Ogikubo. Siku hizo panda treni ya njano (ya njia ya Chuo-Sobu), ambayo husimama kila mahali. Pale Shinjuku ile inayokwenda upande wako huondokea jukwaa namba 16, wakati za chungwa za kwenda Takao ziko namba 11 na 12.

Kinachowezesha hayo ni kwamba kati ya Ochanomizu na Mitaka kuna reli nne sambamba. Mbili ni za treni za chungwa, mbili ni za njano, na kila jozi ina ratiba yake. Ndiyo maana ukiwa dirishani utaona treni ya njano inasimama Suidobashi, Iidabashi, Ichigaya, Shinanomachi, Sendagaya, Yoyogi, Okubo na Higashi-Nakano, nawe unapita tu. Anayekwenda Uwanja wa Taifa kupitia Sendagaya hana budi kupanda ya njano.

Mahali pazuri pa kubadilisha ni Ochanomizu. Majukwaa yamepangwa kwa upande wa safari: namba 1 (chungwa) na namba 2 (njano) zote zinakwenda Shinjuku, namba 3 (njano) inakwenda Akihabara, na namba 4 (chungwa) inakwenda Tokyo. Ukitoka Shinjuku na unataka Akihabara, unashuka namba 4, unavuka jukwaa hatua chache, unapanda namba 3. Hakuna ngazi. Pale Shinjuku, kubadilisha kulekule kungekulazimu kushuka na kupanda ngazi katikati ya umati.

Angalizo moja kuhusu sikukuu. Kipindi cha Obon mwezi Agosti, siku za kuwakumbuka waliofariki, watu wengi hawaendi kazini, lakini si sikukuu ya taifa kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo ratiba hubaki ya siku za kazi, isipokuwa kwa siku ile moja ya Agosti ambayo ni sikukuu rasmi. Kinyume chake, kuanzia tarehe 30 Desemba hadi 3 Januari hutumika ratiba ya sikukuu hata ikiwa ni Jumatatu.

Kwenye ubao naona majina mengi ya treni za chungwa. Nitajuaje ipi ya kupanda kwenda Kokubunji? Na je, iliyo ya haraka zaidi hulipiwa zaidi?
*Msomaji wa Shinjuku*

Nauli ni ileile kwa zote, mradi usipande treni za masafa marefu kama Azusa na Kaiji, ambazo zina tiketi yao ya ziada.

Kwenda Kokubunji chagua Chuo tokkai ikiwa inakaribia. Neno tokkai (特快) ni kifupi cha "haraka maalumu". Ikitoka Shinjuku husimama Nakano, Mitaka, Kokubunji na Tachikawa, kisha kila stesheni hadi Takao. Ome tokkai hufuata mpangilio huohuo hadi Tachikawa, halafu huiacha njia kuu na kuingia reli ya Ome. Anayekwenda Hachioji akipanda Ome tokkai na kusinzia ataamkia bonde jingine kabisa. Asubuhi za siku za kazi, kwa wanaoingia mjini tu, kuna pia tsukin tokkai, ya wafanyakazi, ambayo ikitoka Kokubunji haisimami tena hadi Shinjuku.

Usikurupuke kukimbilia kaisoku iliyo mbele yako kabla hujatazama dakika. Mara nyingi kaisoku husubiri Mitaka ili tokkai iliyo nyuma yake iipite, na abiria wa kwenda mbali huvuka jukwaa hapohapo na kuhamia. Ukipanda kaisoku ya kwanza Shinjuku na kuhamia tokkai Mitaka, utafika sawa na yule aliyesubiri tokkai tangu Shinjuku. Tofauti ni kwamba yeye huenda amepata kiti.

Soma pia mwisho wa safari, si aina ya treni peke yake. Kaisoku nyingi hukatishwa Musashi-Koganei au Toyoda, kwa kuwa huko ndiko kuna yadi za kulaza mabehewa. Ya Musashi-Koganei itakuacha stesheni moja tu kabla ya Kokubunji, jambo linalowaudhi wageni wengi. Shuka, baki kwenye stesheni hiyohiyo, subiri inayofuata.

Nitaanza kazi karibu na stesheni ya Tokyo, nikitokea Tachikawa, na natakiwa kufika saa 3 asubuhi. Nimeambiwa msongamano ni wa kutisha. Nijipange vipi? Na kwa nini hawaongezi treni?
*Mfanyakazi mpya*

Tuanze na hilo la mwisho, kwa sababu ukilielewa, mengine yote utayapanga mwenyewe. Asubuhi treni za kuingia mjini hupishana kwa takriban dakika mbili. Treni ina mabehewa 12 ya mita 20 kila moja, yaani mita 240 kwa jumla. Ili treni ya nyuma iingie stesheni, ya mbele lazima iwe imeondoka na kuacha nafasi ya kutosha ya kufungia breki. Kwa hiyo kinachoamua ni treni ngapi zipite kwa saa ni sekunde ambazo milango hukaa wazi, na wala si uhaba wa mabehewa.

Stesheni ngumu kuliko zote ni Shinjuku, ambako maelfu hushuka na maelfu wengine hupanda. Muda wa milango pale ukilinganisha na pengo la dakika mbili, hesabu haikubali. Suluhisho ni kutumia reli mbili kwa upande mmoja wa safari: majukwaa namba 7 na 8, yote ya kwenda Tokyo, hupokezana. Simama pale saa 2 asubuhi utazame. Treni iliyopo namba 7 bado inashusha watu, na taa za inayofuata tayari zinaonekana zikiingia namba 8, ubavuni mwake. Ya 7 inafunga milango na kuondoka, ya 8 inafungua, na nyingine inachukua nafasi ya 7. Ni kazi ya usahihi ambayo abiria wengi huipita bila kuigundua.

Mwisho wa reli, stesheni ya Tokyo, kuna jukwaa moja tu lenye reli mbili, namba 1 na 2. Treni zote za chungwa hugeukia hapo. Muda wa dereva kutembea mita 240 kutoka kichwa kimoja hadi kingine haupo, kwa hiyo nyakati za msongamano dereva wa kurudi huwa anasubiri upande wa pili kabla treni haijafika.

Ndiyo sababu mlango mmoja uliozuiwa na mkoba kwa sekunde 10 huwagusa watu wote walio nyuma. Treni ya nyuma hupunguza mwendo, ya nyuma yake nayo hivyohivyo, na zinapofika Kokubunji wanaosubiri jukwaani ni wengi kuliko kawaida, hivyo milango hukaa wazi zaidi na ucheleweshaji unajizidisha wenyewe. Milango ikianza kujifunga, iache. Nyingine iko nyuma dakika mbili.

Hiyo pia ndiyo sababu mabehewa ya aina ya E233, yaliyoanza kazi kwenye njia hii Desemba 2006, yamewekewa vifaa muhimu viwiliviwili: mitambo ya kuendesha mota, ya kutoa umeme wa taa na viyoyozi, na vinginevyo. Kimoja kikifa, kingine kinaifikisha treni mwisho wa safari badala ya kuziba reli.

Sasa msongamano wenyewe. Mwaka 2019 kipande cha Nakano hadi Shinjuku kilipimwa asilimia 184 katika saa ya kilele. Kwa vipimo vya wizara ya usafiri ya Japani, asilimia 100 maana yake kila mtu ana kiti, kishikizo au nguzo ya kushika karibu na mlango. 150 unaweza kulifungua gazeti ukasoma. 180 utalisoma ukilikunja kwa shida. 200 miili inabanana. Na 250 hata mkono huwezi kuusogeza. Baada ya janga la Uviko-19 idadi ilishuka, na ingawa imeanza kurudi, haijafikia kiwango kile.

Kwa wewe wa Tachikawa, kaisoku ya kawaida huwa afadhali kuliko tokkai. Tokkai huokoa dakika chache lakini kila mtu anaitaka. Ukiweza kuondoka mapema ukapita Shinjuku kabla ya saa 1:30 asubuhi, utahisi tofauti kubwa. Mkoba wa mgongoni uvae kifuani au uuweke kwenye rafu ya juu. Ukiwa mlangoni na watu wanataka kushuka, shuka nao, simama ubavuni mwa mlango, kisha uingie tena wa kwanza. Uking'ang'ania ndani, hawatakushukuru. Sogea katikati ya behewa, kati ya viti: hapo huwa na nafasi na vishikizo hata pale mlangoni pasipopumulika.

Kwa dada zetu: behewa namba 1, la mbele kabisa kwa upande wa Tokyo, ni la wanawake peke yao asubuhi za siku za kazi, kwa treni za kuingia mjini zinazofika Shinjuku kati ya saa 1:30 na saa 3:30 (kwenye ratiba 7:30 na 9:30). Watoto wa shule ya msingi na watu wenye ulemavu pamoja na msaidizi wao wanaruhusiwa, hata kama ni wanaume. Alama ya waridi sakafuni jukwaani huonyesha linaposimama.

Jambo la mwisho: jukwaa la chungwa la Tokyo liko juu sana, kimo cha ghorofa ya tatu. Liliinuliwa mwaka 1995 ili chini yake ipatikane nafasi ya Shinkansen, treni ya mwendo kasi, ya kwenda Nagano. Ngazi za umeme ni ndefu na asubuhi hujaa. Katika hesabu yako ya kufika kazini ongeza dakika tano za kushuka tu.

Mabehewa ya ghorofa nayaona katikati ya treni. Naweza kukaa tu, au kuna malipo? Nitalipaje?
*Msomaji, Hachioji*

Ni behewa namba 4 na 5, ya daraja la Green, yaani daraja la juu. Yalianza kwa majaribio bila malipo tarehe 13 Oktoba 2024, na tangu tarehe 15 Machi 2025 yanalipiwa. Malipo hayo ni juu ya nauli ya kawaida, na hata ukisimama ndani yake unadaiwa.

Bei hutegemea umbali na namna unavyonunua. Huduma ilipoanza kulipiwa, hadi kilomita 50 ilikuwa yen 750 ukitumia Suica (kadi ya nauli yenye salio), na yen 1,010 ukinunua tiketi ya karatasi au kwa mhudumu ndani ya treni. Kilomita 51 hadi 100 zilikuwa yen 1,000 na yen 1,260. Kwa hiyo nunua kabla ya kupanda. Mpaka wa kilomita 50 unaangukia mahali pa ajabu kwenye njia hii: Tokyo hadi Hachioji ni kilomita 47.4, umo ndani. Tokyo hadi Takao ni 53.1, umevuka.

Utaratibu ni huu. Tafuta mashine ya Green jukwaani, au tumia Suica ya kwenye simu. Weka kadi, chagua unakoshuka, na malipo yanakatwa kwenye salio. Ndani, juu ya kila kiti kuna taa ndogo na alama ya kugusisha kadi. Taa nyekundu maana yake kiti hakijalipiwa. Gusisha kadi ileile uliyonunulia, taa inageuka kijani, na mhudumu akipita hatakuuliza kitu. Ukihama kiti, gusisha tena kwenye kiti kipya. Kosa la kawaida ni kuweka simu na kadi za benki kwenye kipochi kimoja na Suica: mashine husoma kadi isiyo sahihi na taa hubaki nyekundu.

Kumbuka kwamba viti havina namba. Tiketi haikuhakikishii kiti, inakupa ruhusa ya kuwa ndani ya behewa tu. Ukiona pamejaa na ukaamua kutotumia, mwone mhudumu mapema akupe hati ya kurudishiwa fedha. Ukisimama hadi mwisho wa safari kisha ndipo udai, hutapata.

Wengine wameuliza kwa nini milango ya mabehewa haya ni mipana kuliko ya mabehewa ya Green ya njia nyingine za Tokyo. Jibu ni lilelile la sekunde. Kule mlango wa Green ni wa ubao mmoja. Hapa ni wa mbao mbili zinazofunguka kwa milimita 1,300, ili watu wa ghorofa washuke bila kuichelewesha treni nzima.

Treni ikisimama njiani kwa ajali au hitilafu, nifanyeje? Nasikia unaweza kupanda treni ya kampuni nyingine bure.
*Baba wa watoto watatu, Kokubunji*

Unaweza, lakini si kwa kila aina ya tiketi, na hapa ndipo wengi huumia mfukoni.

Utaratibu huitwa furikae yuso. Reli ikisimama, shirika huomba mashirika jirani yawabebe abiria wake. Wanaofaidika ni wenye tiketi ya karatasi iliyonunuliwa kabla ya tukio, na wenye pasi ya mwezi, ndani ya kipande kilichoandikwa kwenye pasi. Anayetumia salio la Suica halimhusu. Salio halitaji unakokwenda, hivyo hakuna safari waliyokuahidi kuikamilisha. Ukiigusisha kwenye lango la kampuni nyingine, utakatwa nauli yao kama kawaida. Mwenye pasi naye asigusishe huko, apite kwa mhudumu wa lango na kuionyesha.

Kabla ya kuamua, soma sababu kwenye ubao. Neno kyubyonin ni abiria aliyeugua: mara nyingi ni dakika chache, subiri. Jinshin jiko ni mtu kugongwa au kuumia relini: hapo tegemea saa nzima, pengine zaidi, kwa sababu polisi na waokoaji lazima wamalize kazi yao na reli ikaguliwe. Kama bado hujaingia langoni, usigusishe kadi. Kama umeshaingia na unataka kutoka stesheni ileile, usilazimishe mashine. Mwone mhudumu afute kuingia kwako bila malipo.

Njia za kuzunguka ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kutoka Shinjuku, reli ya Keio inafika Hachioji na Takao, na siku zote nauli yake ni nafuu kuliko ya JR. Kutoka Kichijoji kuna Inokashira hadi Shibuya. Nakano kuna treni ya chini ya ardhi ya Tozai hadi Otemachi, na kutoka hapo unatembea hadi stesheni ya Tokyo. Tachikawa ina reli moja ya juu, ile inayoitwa monoreli, inayokufikisha Takahatafudo kwenye Keio. Kwako Kokubunji, panda Seibu hadi Higashi-Murayama, kisha uchukue Seibu Shinjuku ya kuingia mjini. Treni za njano nazo huweza kuendelea wakati za chungwa zimesimama, lakini tukio likiwa kati ya Nakano na Mitaka mara nyingi reli zote nne husimamishwa kwa muda, ili waokoaji wawe salama.

Ukichelewa kazini, omba hati ya ucheleweshaji, chien shomeisho, langoni, au uichukue kwenye tovuti ya shirika, inakotolewa kuanzia ucheleweshaji wa dakika tano.

Nimesahau begi kwenye rafu. Kuna matumaini?
*Msomaji, Mitaka*

Makubwa, ukienda haraka na ukiwa na maelezo kamili. Mwambie mhudumu wa lango mambo manne: saa uliyoshuka, treni ilikokuwa ikielekea, namba ya behewa, na begi lilikuwa upande gani. Namba ya behewa imebandikwa ndani. Jizoeze kuitazama unapokaa. Treni ikiwa bado iko njiani, wanaweza kupiga simu stesheni iliyo mbele. Isipopatikana hapo, hukaguliwa mwisho wa safari. Baada ya siku chache vitu huhamishiwa polisi, ambao kwa sheria huvitunza miezi mitatu. Nenda na kitambulisho.

Kitu kikianguka relini ni habari nyingine: usishuke kamwe, hata kama ni simu. Mwite mhudumu, wana koleo refu la kuokotea na hungoja pengo kati ya treni. Kitufe chekundu cha dharura kwenye nguzo za jukwaa ni cha mtu aliyeanguka. Hicho kibonyeze bila kusita, kwa maana kinasimamisha treni zote zilizo karibu.

Nina mtoto wa kigari na sanduku kubwa. Naruhusiwa?
*Mama wa wawili*

Ndiyo, mama, na kigari huna haja ya kukikunja. Mizigo ni miwili kwa mtu, kila mmoja usizidi kilo 30, na jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimita 250. Baiskeli lazima ifunguliwe au ikunjwe na kufunikwa yote ndani ya mfuko. Gurudumu likichungulia utarudishwa langoni. Choo kipo behewa namba 6. Watoto walio chini ya miaka 6 hawalipi, hadi wawili kwa mtu mzima mmoja. Kuanzia miaka 6 hadi 11 ni nusu nauli. Epuka kabisa kuingia mjini kati ya saa 1:30 na saa 3 asubuhi.

Mlango haukufunguka! Nilisimama mbele yake hadi treni ikaondoka.
*Mgeni, Ome*

Kwenye reli ya Ome, na wakati mwingine treni inaposubiri muda mrefu stesheni, milango hufunguliwa na abiria mwenyewe, ili joto au ubaridi wa ndani usipotee. Taa ya kitufe ikiwaka, bonyeza. Ndani kuna viwili, cha kufungua na cha kufunga, na wa mwisho kuingia wakati wa baridi hutarajiwa kufunga.

Pasi ya mwezi ina faida kweli? Nasikia kuna ya bei nafuu.
*Mfanyakazi wa zamu, Nakano*

Kwa mfanyakazi wa zamu iliyo ya bei nafuu huenda ndiyo yako. Tangu Machi 2023 JR East inauza pasi ya nje ya saa za kilele. Ilianza ikiwa pungufu kwa takriban asilimia 10 kuliko pasi ya kawaida ya kazini, na Oktoba 2024 pungufu hilo likafikishwa takriban asilimia 15. Masharti yake: siku za kazi, ukiingia langoni ndani ya saa moja na nusu ya kilele, pasi haihesabiwi na unakatwa nauli kamili kwenye salio. Muda huo hutofautiana stesheni kwa stesheni, na kinachoangaliwa ni ulipoingia, si ulipotoka. Piga hesabu: kama asubuhi za kilele kwa mwezi ni moja au mbili, chukua ya nafuu, zikiwa nyingi, faida yote inaliwa na nauli hizo.

Ukitazama ramani, reli hii imenyooka kama uzi. Kwa nini?
*Msomaji anayependa ramani*

Kutoka Higashi-Nakano hadi Tachikawa ni zaidi ya kilomita 20 karibu bila kona. Ilijengwa na kampuni binafsi ya Kobu, iliyofungua kipande cha Shinjuku hadi Tachikawa tarehe 11 Aprili 1889 na kufika Hachioji Agosti mwaka huohuo. Wakati huo eneo lote lilikuwa mashamba na vichaka, na hapakuwa na mji wa kuzungukwa. Serikali iliitaifisha mwaka 1906, na reli ikafika stesheni ya Tokyo mwaka 1919.

Mnyooko huo ulikuja kuwa na gharama yake. Mji ulipoota pande zote mbili, barabara zilizoikata reli zilikuwa na matambukareli ambayo asubuhi hayakufunguka, kwa kuwa treni ziliandamana bila pengo. Magari ya wagonjwa na watoto wa shule walisubiri pamoja. Kati ya Mitaka na Tachikawa peke yake yalikuwepo 18. Reli ikainuliwa juu ya nguzo kipande kwa kipande huku treni zikiendelea kupita, na kazi ya kuhamisha reli ikakamilika mwaka 2010. Ukipita leo juu ya Musashi-Sakai na Higashi-Koganei na kuona paa za nyumba chini yako, hapo ndipo watu walipokuwa wakisubiri kizuizi kiinuke. Siku ambayo anga ni safi, kaa upande wa kushoto ukielekea Takao: Mlima Fuji hujitokeza kati ya majengo, kwa sekunde chache tu kila mara.